Fedha za vifaa vya kinga kwenye magari ya polisi hutoka wapi, na kwa nini zinakuhusu

Ukiishi Dzaleka, au Lilongwe, au katika vijiji vya Dowa vilivyo jirani na kambi, gari la polisi unalijua kwa njia mbili. Unaliita unapovamiwa usiku, au unapandishwa humo wewe mwenyewe. Katika hali zote mbili, kilichomo ndani ya gari hilo kinaweza kuamua kama mtu atafika salama. Makala hii inaeleza vifaa hivyo vinalipiwaje na una haki gani ya kuuliza.

Vifaa vya kinga ni vipi?

Watu wengi hufikiria fulana za kuzuia risasi, kofia ngumu na ngao. Hivyo ni vya askari. Lakini gari lenyewe pia linahitaji mikanda ya usalama, wavu wa chuma kwenye vioo, mtungi wa kuzimia moto, kisanduku cha huduma ya kwanza na pembetatu za kuakisi mwanga. Askari na mtuhumiwa wanapokaa pamoja nyuma ya pikapu isiyo na mikanda, ajali haitachagua nani ana sare.

Tarehe 8 Oktoba 2019, askari mwenye cheo cha Superintendenti, Usumani Imedi, aliuawa kwa mawe huko Msundwe, magharibi mwa Lilongwe, wakati wa vurugu za kisiasa. Baada ya hapo wanawake na wasichana wa eneo hilo walilalamika kwamba walibakwa na polisi. Agosti 2020 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia. Msundwe inafundisha mambo mawili. Askari asiye na kinga ni mtu aliye hatarini. Na kinga peke yake haitoshi bila mafunzo na nidhamu, kwa sababu askari wakikosea, fidia hulipwa kwa fedha hizohizo za umma.

Fedha zinapitia wapi?

Jeshi la Polisi la Malawi liko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ileile inayosimamia masuala ya wakimbizi. Tangu 2022, mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Aprili. Kabla ya hapo Waziri wa Fedha husoma bajeti bungeni na wabunge huipitisha fungu kwa fungu.

Fungu la polisi lina sehemu tofauti. Kuna mishahara. Kuna matumizi ya kawaida, yaani mafuta, matairi, matengenezo na vifaa vidogo. Na kuna fedha za maendeleo, kama majengo. Bunge likishapitisha, fedha hazitoki zote siku moja. Hazina huzitoa kidogokidogo kadiri mapato yanavyoingia. Mwezi ambao fedha ni chache, mafuta hutangulia na mtungi wa kuzimia moto husubiri. Hii ndiyo sababu gari lililotolewa na mfadhili laweza kuja na kila kitu, kisha baada ya miaka michache likabaki na matairi mabovu: mfadhili alinunua gari, lakini kulitunza ni kazi ya bajeti ya kawaida.

Kwa nini vifaa ni ghali?

Vingi hununuliwa nje kwa dola. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola moja ikapanda kutoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700. Fanya hesabu: fulana ya dola 200 ilikuwa kama kwacha 236,000, ikawa 340,000, kabla hata ya usafiri. Bajeti ileile ikanunua fulana chache zaidi.

Sababu nyingine ni namna ya kununua. Ununuzi wa vifaa vya usalama mara nyingi hufanyika kwa usiri, na penye usiri bei huweza kupandishwa bila mtu kuhoji. Juni 2022 Rais Lazarus Chakwera alilihutubia taifa kuhusu ripoti ya Ofisi ya Kupambana na Rushwa iliyochunguza mikataba 16 ya Polisi na Jeshi la Ulinzi, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 150, iliyopewa kampuni za mfanyabiashara mmoja. Alimwachisha kazi Inspekta Jenerali wa wakati huo, George Kainja. Kutajwa katika ripoti si kutiwa hatiani. Hata hivyo, kesi hiyo ilionyesha kwamba fedha kupitishwa na kifaa kufika kwa askari ni mambo mawili tofauti.

Je, mkimbizi anaweza kuuliza?

Ndiyo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Malawi kinampa kila mtu, si raia tu, haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali pale anapozihitaji ili kutumia haki zake. Sheria ya Kupata Taarifa ilianza kutumika Septemba 2020, na Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi ndiyo inayoisimamia.

Kambi ya Dzaleka ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Kwa hiyo uliza kwa adabu na kwa pamoja:

– Katika mkutano wa ulinzi shirikishi, waulize askari magari yanayohudumia kambi ni mangapi, na yapi yana mikanda na huduma ya kwanza.
– Ninyi wenyeji wa Dowa mna kura. Mwulizeni mbunge wenu fungu la polisi limepewa nini mwaka huu.
– Ukiumizwa au kunyanyaswa ndani ya gari la polisi, andika tarehe, saa, mahali na namba ya gari. Malalamiko hupelekwa kwa Tume Huru ya Malalamiko, iliyowekwa na Sheria ya Polisi ya 2010.
– Ukikamatwa, kumbuka kwamba Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Kuuliza hivi si kuwapinga polisi. Askari anayekuja kwako usiku naye anataka kurudi nyumbani salama.