Maji Kwanza, Mkono Baadaye: Sayansi ya Kuosha Gari Nyumbani

Saa nane mchana, sogelea gari jeusi lililoegeshwa juani, utazame boneti mahali mwanga wa jua unapogonga. Mara nyingi utaona mistari myembamba iliyouzunguka mwanga huo kama utando wa buibui. Jisogeze hatua moja kushoto, na utando nao utahama. Sababu ni kwamba mikwaruzo hiyo haikujipanga kwa duara hata kidogo. Imetapakaa boneti nzima, kila mmoja na mwelekeo wake, ila jicho huona ile tu iliyokaa mkao wa kuurudisha mwanga kwetu. Wenye magari wengi huilaumu barabara. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mikwaruzo hiyo imeachwa na mkono ulioshika tambara.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na ngozi ya gari lenyewe. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi, na juu ya rangi kuna laka isiyo na rangi. Laka ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na mionzi mikali ya jua. Katika magari mengi unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Hiyo ndiyo akiba yote uliyonayo. Kila mkwaruzo huipunguza, na ikishaliwa, rangi iliyo chini yake hupauka na hairudi kwa sabuni wala kwa nta.

Sasa liangalie vumbi. Wekundu wa vumbi la barabara zetu unatokana na oksidi ya chuma, lakini chembe zinazokwaruza ni za mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 kwa ulanga na kuishia 10 kwa almasi, kwatzi hupata 7. Kioo cha dirisha hupata kama 5.5, na laka iko chini zaidi. Dereva anayepangusa gari kavu asubuhi ili "kutoa vumbi" anazikokota chembe hizo juu ya laka kutoka boneti hadi buti. Anayewasha wipa wakati kioo cha mbele kina vumbi kavu anafanya vivyo hivyo kwenye kioo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: vumbi liondolewe na maji kabla mkono haujagusa kitu. Mwagia maji kuanzia paani kwenda chini, iwe kwa mpira au kwa kopo, kisha uache dakika mbili tatu ili tope lililokauka lilainike. Mwagia tena. Chembe nyingi na kubwa zitakuwa zimeteremka zenyewe.

Ndipo sabuni iingie. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ncha ya mafuta hushika masizi na grisi, ile ya maji huvuta kuelekea majini, na uchafu huzingirwa na kuelea badala ya kung'ang'ania kwenye laka. Vilevile sabuni huufanya uso uteleze, hivyo chembe iliyobaki hupita bila kuchimba. Tatizo ni aina ya sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kwa ajili ya nguo na ina alkali nyingi, mara nyingi magadi soda, nayo huondoa nta yote inayoilinda laka. Shampuu ya magari ina nguvu za wastani, na kifuniko kimoja au viwili hutosha ndoo nzima.

Tumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Kila baada ya kupitisha kitambaa kwenye sehemu moja, kisuuze kwanza kwenye maji matupu, ukikamue, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Angalia mchanga utakaotuama chini ya ndoo ya pili mwisho wa kazi. Huo wote ungerudi kwenye rangi. Anza na paa, vioo na boneti, na umalizie na sehemu za chini za milango na bampa, kwa kuwa huko ndiko kwenye mchanga mwingi. Magurudumu yawe na kitambaa chake cha pekee, kwani vumbi jeusi la rimu lina vipande vidogo vya chuma kutoka kwenye breki. Kitambaa cha maikrofaiba ni bora kuliko fulana kuukuu: nyuzi zake ni nyembamba mno, na nafasi zilizo kati yake humeza chembe badala ya kuzisugua juu juu.

Usioshe gari jua likiwa kali. Bati likiwa na joto, maji hukauka kabla hujasuuza, na kila tone huacha madini yaliyokuwa ndani yake. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama walivyo wengi katika Dar es Salaam, huyajua vizuri madoa meupe ya duara yanayobaki kwenye vioo. Kausha kwa taulo laini mara baada ya kusuuza. Doa la chokaa lililokwisha kushika kwenye kioo hulegea kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha lisuuzwe vizuri. Kinyesi cha ndege kisingoje siku ya kuosha, kwa kuwa kina asidi. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika chache, halafu kiinue bila kusugua.

Wakazi wa pwani wana kazi ya ziada. Chumvi ya upepo wa bahari huharakisha kutu, hasa mahali macho yasipofika. Mwagia maji ndani ya matao ya magurudumu na chini ya milango, na uzibue vitundu vya kutolea maji vilivyoko kwenye ukingo wa chini wa mlango. Tope lililoziba hapo hutunza unyevu mchana na usiku.

Ndani ya gari kanuni ni ileile, ila maji ni adui zaidi. Toa mikeka ya miguuni, ikung'ute, kisha fyonza mchanga kuanzia viti kwenda sakafuni. Dashibodi inataka kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Ule utando wa mafuta ndani ya kioo cha mbele, unaosumbua taa za mbele yako zikiwaka usiku, kwa kiasi kikubwa ni kemikali zinazovukizwa na plastiki ya dashibodi inapopata joto. Ufute kila unaposafisha. Viti vya kitambaa visilowekwe: sponji ikishanywa maji huchukua muda mrefu kukauka, na ukungu huota. Acha milango wazi mpaka pakauke kabisa. Ukimaliza yote, endesha polepole ukigusa breki mara kadhaa ili zikauke.

Kuna sababu nyingine ya kuoshea nyumbani, nayo ni afya. Mjini Kisumu, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzao wa Marekani waliwafuatilia wanaume walioosha magari wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Victoria. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2002, yalionyesha watu hao wakitibiwa kichocho na kuambukizwa tena kazini, ingawa baadhi yao walijenga kinga baada ya matibabu kadhaa. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Ziwa na mto nao huathirika na sabuni, mafuta na grisi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa au bahari kuwa eneo la kulindwa.

Basi osha gari lako nyumbani, asubuhi au jioni, kwa ndoo zako mbili, mbali na mto na mfereji. Usiruhusu tambara kavu liguse rangi, hata kama una haraka. Laka haioti tena.