KUKAA NAMNA YA PADMASANA

Sisi wanafunzi tunakaa juu ya banki tangu asubuhi, mgongo umepinda kama upinde. Jioni wengine wanashindana: nani ataweza kukunja miguu namna Wahindi wanavyokaa? Basi tunataka kueleza jambo hili vizuri, maana mchezo huu unaweza kuharibu goti.

Mkao huu unaitwa padmasana. Ni neno la Kisanskrit, lugha ya zamani ya India: padma ni ua linaloota katika maji ya matope, asana ni kukaa. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinautaja. Kule Wahindu na Wabuddha wanakaa hivi kwa kutafakari. Sisi hapa tunasema habari ya mifupa tu.

Juu ya nini goti linaumia? Goti ni kama bawaba ya mlango: linakunja na kunyoosha, kuzunguka ni kidogo sana. Nyonga ndiyo inayozunguka, maana kichwa cha mfupa wake ni mviringo. Kama nyonga ni ngumu na wewe unavuta mguu kwa nguvu, goti ndilo linalipa deni.

Namna ya kufanya:

1. Tandika mkeka, kunja blanketi, kalia ukingo wake. Nyosha miguu mbele.

2. Kunja mguu wa kuume. Uushike kwa mikono miwili, uuweke juu ya paja la kushoto, karibu na kinena. Unyayo uangalie juu. Hii ni nusu.

3. Kama goti halisemi neno, fanya vile vile na mguu wa kushoto.

4. Nyosha mgongo, mikono juu ya magoti, pumua pole pole kwa pua. Dakika moja inatosha. Kisha fungua miguu kwa mikono, ubadilishe: wa kushoto utangulie.

Kuvutika kidogo kwenye nyonga si neno. Lakini maumivu katika goti, apana! Acha mara moja. Usisukume goti chini, wala usikubali mwenzako akukanyage. Asiyeweza akunje miguu kwa kawaida tu. Mgongo utanyooka vile vile. Kila mtu iko na mifupa yake: wengine hawataweza hata wakijizoeza miaka, ju nyonga zao zimeumbwa namna ingine. Si haya.

Basi, wandugu, tusishindane. Magoti haya tunayahitaji kwa kupanda Mudzipela.