Mafaili ya hiari katika michezo ya video
Mafaili ya hiari ni sehemu za mchezo wa video uliobanwa ambazo mtu anaweza kuacha kuzipakua na mchezo bado ukafanya kazi. Kwa kawaida ni sauti za lugha mbalimbali, picha zenye ubora wa juu na filamu fupi za ndani ya mchezo.

Programu ya kubana hutafuta data zinazojirudia na kuziandika kwa kifupi. Njia nyingi za kufanya hivyo zinatokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977. Lakini sauti na filamu huwa zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa, hivyo hazipungui tena sana. Ndiyo sababu mara nyingi hutengwa: ndizo zinazojaza mzigo.

Katika kata ya Misugusugu, Mjini Kibaha, kama kwingineko Tanzania, watu wengi hununua intaneti kwa bando linalopimwa kwa MB na GB. Tuseme mchezo una faili kuu la GB 18, lugha sita za GB 1.5 kila moja, na filamu za GB 5. Jumla ni GB 32. Anayechukua faili kuu na Kiingereza pekee hutumia GB 19.5. Tofauti hiyo si ndogo kwa mwanafunzi anayejinunulia bando. Mfano halisi ni Fallout 4: picha zake za ubora wa juu, zilizotolewa mwaka 2017 kama nyongeza ya bure, zilikuwa na takriban GB 58, na mchezo huchezeka bila hizo.

Hata hivyo, neno "hiari" huwapotosha wengi. Lugha zinaweza kuachwa, lakini si zote. Ni lazima ibaki angalau moja, la sivyo usakinishaji unaweza kukwama au wahusika wakakosa sauti. Pia faili kuu likikatwa vipande vyenye namba, hakuna kipande cha hiari hata kimoja. Kikikosekana kimoja tu, faili halifunguki kikamilifu, na bando limekwisha kuliwa.

Nafasi ya diski nayo ihesabiwe mapema, kwani mchezo ukifunguliwa huwa mkubwa kuliko ulivyopakuliwa. Anayetaka kuongeza lugha baadaye huenda akalazimika kusakinisha upya, kwa hiyo mafaili yaliyobanwa yasifutwe haraka.