Nimelipa dola kushuka shimoni Uturuki, shimo la nyumbani nalikimbia!

NILIKWENDA Istanbul kufunga mzigo, siyo kutalii. Wenzangu wa Kariakoo wanaielewa safari hii. Unatua, unaingia Laleli, unapanda na kushuka ngazi za maduka ya jumla mpaka nyayo zinawaka moto, unalipa, unamkabidhi wakala mzigo wako, unarudi zako Dar. Ukiulizwa umeona nini Uturuki, jibu lako ni bei ya jinzi.

Safari hii mambo yakaenda kombo. Jamaa aliyekuwa anashona suruali zangu akaniambia mzigo utachelewa siku nne. Nikafoka, nikatishia kudai arbuni yangu irudi. Akaniletea chai. Nikafoka tena, akaongeza kikombe cha pili. Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Mama watoto, ambaye nilikuwa nimekuja naye kwa mara ya kwanza, hakusikitika hata kidogo. "Baba watoto, siku nne tukae hotelini tunaangaliana? Twende kule kwenye mawe."

Kule kwenye mawe ni Kapadokia, katikati ya Uturuki. Wanaokwenda kanisani watalikumbuka jina hili, maana husomwa kila Pentekoste katika Matendo ya Mitume. Mimi nililisikia tangu nikiwa mtoto, nikadhani ni mahali pa kwenye Biblia tu, pasipo na kituo cha basi. Kumbe kituo kipo! Tukapanda basi jioni, tukalala humo humo, na asubuhi tukateremka katika mji mdogo wa Göreme huku mama watoto amefungua mdomo kama mtoto aliyeona gari moshi.

Dohani za majini

Msomaji wangu, nikueleze vipi? Chukua vichuguu vya mchwa, vikuze viwe virefu kama ghorofa tatu au nne, vipange kwa mamia bondeni, kisha kila kimoja kivike kofia ya jiwe jeusi. Vingine vina madirisha na milango, na vingine ni hoteli. Waturuki wanaviita peri bacası, yaani dohani za peri, na peri katika hadithi zao ni wale majini wazuri wa kike.

Saa tatu na nusu asubuhi Kosta ya watalii ikatuchukua. Tulikuwa watu kumi na wanne: Wabrazili wawili waliooana juzi, vijana wa Indonesia, bibi mmoja wa Kikorea aliyevaa kofia kubwa, na wengineo. Mwongozaji alikuwa binti wa Kituruki mwenye kitambulisho shingoni, kwa sababu kule huruhusiwi kuongoza watalii bila leseni. Alikuwa na sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, na alituhesabu kila tulipopanda gari kama anahesabu kuku.

Akatueleza kwamba mamilioni ya miaka iliyopita milima ya volkeno ya eneo hilo, ukiwemo Erciyes, ilitapika majivu mengi mno. Majivu yakajigandamiza yakawa jiwe laini, na juu yake pakatanda jiwe gumu. Mvua na upepo vikaanza kazi. Palipofunikwa na jiwe gumu pakabaki pamesimama, na palipokuwa wazi pakaliwa. Ndiyo hizo kofia. Kwa kuwa jiwe lenyewe ni laini, mtu mwenye chombo cha chuma na subira anaweza kulichonga akapata chumba, zizi, hata kanisa. Mwaka 1985 UNESCO iliyaingiza makanisa na miamba ya Göreme katika orodha ya urithi wa dunia.

Akatuonyesha Erciyes kwa mbali, theluji kileleni, akasema una urefu wa mita 3,917. Mimi mtoto wa Marangu ningenyamaza vipi? Nikamwambia wa kwetu una mita 5,895. Akacheka, akasema basi mimi ndiye niwaongoze. Laiti angejua ninachokiogopa.

Koroboi ilipozimwa

Naam, hapa lazima nijianike. Kule kwetu Marangu, chini ya migomba, kuna mapango yaliyochimbwa na mababu zetu. Walijificha humo wao na ng'ombe wao enzi za vita, mara Wamasai wamekuja kuteka mifugo, mara mangi huyu kamvamia mangi yule. Moja liko jirani na kihamba chetu. Nilipokuwa na miaka tisa, binamu zangu waliniingiza humo na koroboi, tulipofika ndani wakaipuliza, wakakimbia. Nililia mpaka sauti ikakauka. Suruali nayo siisemi ilikuwaje.

Tangu siku hiyo sipandi lifti. Stoo yangu iko ghorofa ya sita na ninapanda kwa ngazi, watu wanadhani nafanya mazoezi. Na kila Krismasi tunapokwenda nyumbani, mzee wangu huniambia, "Mwanangu, twende nikakuonyeshe lile pango kabla sijaondoka." Mimi humjibu, "Krismasi ijayo, mzee." Nimemjibu hivyo miaka zaidi ya ishirini. Sasa magoti yake yamekwisha, anatembea na fimbo mbili, na nyumbani yule ndiye pekee aliyebaki anayeijua habari yote ya pango lile.

Mama watoto aliijua hadithi ya koroboi. Ndiyo maana alikuwa ameniambia tunakwenda kuona "mawe", akaliruka neno "mashimo".

Kisima kirefu

Gari likasimama Derinkuyu. Jina hilo maana yake ni kisima kirefu. Juu ni mji wa kawaida kabisa, una maduka na wazee wanaokunywa chai. Chini yake kuna mji mwingine. Mwaka 1963 mkazi mmoja akitengeneza nyumba yake alibomoa ukuta, akakuta chumba nyuma yake, na nyuma ya chumba njia, na njia ikazidi kwenda chini. Mwaka 1969 wageni wakaanza kuruhusiwa. Mji huo unashuka kiasi cha mita 85 na inakadiriwa ungeweza kuhifadhi watu 20,000 na mifugo yao. Wageni huonyeshwa sehemu tu.

Binti akatuweka mlangoni akasema, "Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye pumu, mwenye kuogopa mahali pa kubana, asione aibu. Abaki hapa, chai ipo."

Kijasho chembamba kikanitoka. Nikaangalia chai. Nikamwangalia mama watoto. Hakusema neno, alijifunga tu kitenge vizuri akaingia. Jamani, mwanamume mzima mwenye stoo Kariakoo nitabakije juu na chai? Nikainama, nikaingia.

Mwanzo siyo mbaya. Orofa za juu zilikuwa za mazizi, na matundu ya kufungia wanyama bado yapo ukutani. Kuna mahali pa kukamulia zabibu, kuna ghala, na kuna ukumbi mrefu wenye dari ya mviringo unaosemekana ulikuwa shule ya dini. Baridi yake ni ya kutaka sweta hata kama juu jua linachoma.

Kisha tukafika kwenye mlango. Ni jiwe la duara kama jiwe kubwa la kusagia, limesimamishwa ubavuni mwa njia. Adui akija wanalisukuma linaviringika na kuziba. Binti akasema linafungwa na kufunguliwa kutoka ndani tu, na kila orofa inaweza kujifungia peke yake. Adui akishika orofa ya kwanza, ya pili bado inamcheka. Hata visima, baadhi havikuwa na mdomo juu ya ardhi, ili mtu asije akatia sumu.

Walianza kuchimba lini? Wapo wanaowataja Wafrigia, miaka mia kadhaa kabla ya Kristo. Waliopanua sana ni Wakristo wa enzi za Bizanti, majeshi ya Waarabu yalipokuwa yakija na kurudi. Baadaye wakaja Wamongolia, na watu wakashuka tena. Wakristo wa Kigiriki wa huko waliendelea kuyategemea mahandaki haya mpaka karne ya 20. Mwaka 1923, Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana raia kwa misingi ya dini, wakahamishwa, na mahandaki yakabaki hayana wa kuyashukia.

Foleni ikasimama

Baada ya mlango ule njia ikabana. Unainama, mgongo unagusa dari, mabega yanagusa kuta, mbele yako kuna kisogo cha mtu. Halafu foleni ikasimama. Kundi lingine lilikuwa linapanda na njia ni moja.

Hapo ndipo yule mtoto wa miaka tisa akarudi. Moyo ukapiga kama ngoma ya msondo. Nikataka kugeuka, nyuma kuna watu. Nikataka kupiga kelele, ulimi umekauka. Mama watoto alikuwa watu watatu mbele, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko jikoni, "Baba watoto, umehesabu ngazi ngapi?" Sikuweza kujibu. Nikasikia mkono unanigusa bega. Ni yule bibi wa Kikorea. Hatukuwa na lugha ya pamoja, akanipa pipi. Nikaimung'unya kama mtoto.

Pipi ikiwa nusu nikahisi kitu shavuni. Upepo! Chini ya ardhi, orofa sijui ya ngapi, upepo unapuliza. Foleni ilipotembea tukatokea kwenye bomba la hewa, shimo la wima lenye mita 55 ambalo pia lilikuwa kisima. Nikainua macho nikaona nukta ya mwanga huko juu. Binti akasema watu waliokuwa wakiteremka hapa walikuja na ng'ombe, na wazee, na vichanga, na shimo hilo ndilo lililowafanya waamke kesho yake.

Nikakumbuka maneno ya mzee ambayo nimeyasikia kila Krismasi na sijawahi kuyasikiliza. Kwamba bibi yake aliingizwa katika pango la Marangu akiwa kichanga mgongoni kwa mama yake, na mama akamnyonyesha siku nzima ili asilie. "Lile siyo kaburi, mwanangu. Bila lile mimi na wewe hatupo." Miaka yote nilidhani mzee anataka kunitembeza. Kumbe alitaka kunikabidhi.

Nikashuka mpaka chini kabisa panaporuhusiwa, kwenye kanisa lililochongwa kwa umbo la msalaba. Sikuwa shujaa, magoti yalitetemeka njia nzima. Lakini nilishuka.

Mchana na jioni

Yaliyofuata nilikula kama mgonjwa aliyepona. Tulitembea kando ya mto Melendiz katika bonde la Ihlara, lenye urefu wa kilomita 14 hivi, kuta za mwamba huku na huku na makanisa ya kale ndani ya kuta hizo. Tukala samaki Belisırma tukiwa tumekaa kwenye jukwaa la mbao juu ya maji. Tukapanda Selime, kwenye monasteri iliyochongwa mlimani, mpaka jiko lake lenye dari nyeusi. Tukamalizia bonde la njiwa, ambako wakulima waliwachongea njiwa nyumba mwambani ili wapate mbolea ya mizabibu.

Ukitaka kwenda, vaa viatu vyenye meno, beba sweta na maji, na uliza kabla ya kulipa kama viingilio na chakula vimo ndani ya bei. Na kama una pumu au moyo, mwambie mwongozaji mapema. Chai ya juu nayo ni tamu.

Jioni nikampigia mzee. Nikamsimulia mazizi, mlango wa jiwe, bomba la hewa. Akasikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Na hao Waturuki wamekutoza kiasi gani?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamwambia, "Mzee, Krismasi hii nakuja, twende kwenye lile letu."

"Njoo na tochi, siyo koroboi," akasema. "Na usingoje Krismasi, mwanangu. Magoti haya hayana kalenda. Mimi nitakaa pale mdomoni kwenye kigoda, wewe utashuka, nitakuwa nakuambia kata kushoto, kata kulia."

Mzigo wangu wa suruali ulifika Dar wiki iliyopita. Nimemwachia mdogo wangu auze. Mimi nimekata tiketi ya basi la Moshi, Ijumaa alfajiri.