Sindano Moja kwa Mwezi?

Insulini ni protini. Mgonjwa wa kisukari aishiye Nyamongo akiimeza, tumbo litaimeng'enya kama limeng'enyavyo nyama. Ndiyo maana hudungwa sindano kila siku. Je, haiwezekani adungwe mara moja, dawa ikatoka yenyewe kidogo kidogo?

Mwaka 1976, Robert Langer na Judah Folkman wa Boston walionyesha kuwa protini yaweza kutoka polepole katika polima, yaani molekuli zilizoungana kama mnyororo. Polima yao, hata hivyo, haikuoza mwilini. Baadaye zikatumika polima za asidi glaikoliki na asidi laktiki, ile iyapayo maziwa ya mgando uchachu wake. Maji ya mwili huukata mnyororo, punje hulika, dawa hutoka. Masalia huishia kuwa maji na kabonidayoksaidi.

Homoni ya ukuaji iliyofungwa hivyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1999, ikaondolewa sokoni 2004 kwa kuwa kuitengeneza kulidai mali nyingi. Tena asidi inayojikusanya ndani ya punje huweza kuiharibu protini yenyewe, na mara nyingi sehemu ya dawa hufoka siku za kwanza. Insulini ikifoka hivyo, sukari ya damu hushuka ghafla, na mgonjwa aweza kufa.