Chensoo Haizuiliwi kwa Mabavu

Mafia, mnazi mzee ukitakiwa kuangushwa, swali kuhusu fundi wa chensoo, yaani msumeno wa injini, huwa ni lile lile: ana nguvu? Upepo kama wa kimbunga Hidaya, kilichokipiga kisiwa hicho mwanzoni mwa Mei 2024, huacha minazi imelala juu ya paa, ua na njia. Hapo swali huulizwa kwa haraka zaidi, na anayepewa kazi ni kijana mwenye kifua kipana, amevaa kandambili.

Swali hilo ni baya, na limeulizwa mno. Limejengwa juu ya imani kwamba msumeno ukiruka, mwenye misuli ataushika na mnyonge utamshinda. Hakuna binadamu wa kuushika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mnyororo wa msumeno unaokwenda kasi hukimbia mita 20 kwa sekunde au zaidi, yaani kilomita 70 na kitu kwa saa. Kwenye ukingo wa juu wa bapa, lile chuma refu linalobeba mnyororo, meno hukimbia kutoka kwa fundi kuelekea nchani, kisha hugeuka kushuka. Robo ya juu ya ncha hiyo ikigusa gogo, tawi au kisiki, jino hunasa badala ya kukata. Nguvu yote ya injini iliyokuwa ikizungusha mnyororo hulirusha bapa juu na nyuma, kuelekea uso, shingo na bega la aliyeshika. Tukio zima huchukua takriban moja ya kumi ya sekunde. Mtu aliye macho na mzima huhitaji karibu robo ya sekunde kuona jambo na kuanza kujibu. Meno hufika shingoni kabla misuli haijapata habari.

Kuna jibu linalorudiwa kila mara: fulani amepasua mbao miaka mingi na hajawahi kuchubuka. Ushahidi huo unaonyesha tu kwamba ncha ya bapa lake haijagusa kitu kwa namna ile mbaya. Hauonyeshi kwamba mikono yake imewahi kushindana na msumeno ikashinda.

Hatari zaidi ni tabia zinazozaliwa na imani hiyo. Anayetegemea mabavu huiona breki ya mnyororo kuwa kifaa cha wanagenzi, na ikivunjika haitengenezi. Kinga ya mkono wa mbele ikimsumbua huing'oa. Husaga kupita kiasi kijino kidogo kilicho mbele ya kila jino la kukatia ili msumeno ule haraka, kumbe kijino hicho ndicho kinachopima kina cha kuuma. Kikipungua mno, msumeno huruka kwa urahisi zaidi. Kisha hukata kwa mkono mmoja, au huuinua msumeno juu ya mabega. Kila moja ya hizo ni njia ya kuuita mruko unaodai ile robo ya sekunde asiyokuwa nayo.

Kushika imara kuna faida, ila sababu yake ni nyingine. Mkono wa kushoto ukinyooka na gumba likazunguka mpini wa mbele, msumeno unaporuka kiganja hakichomoki. Kinga huja kugonga kifundo cha mkono, nayo breki hufunga. Kinachosimamisha mnyororo ni breki. Kazi ya mkono ni kubaki mahali pake.

Mnazi nao husingiziwa ulaini. Moyo wake ni laini kweli, lakini ganda la nje la shina ni gumu na hubutua meno upesi. Fundi akiona unga unatoka badala ya vipande, anoe, asigandamize.

Yaliyobaki ni haya. Msumeno uwashiwe chini, breki imefungwa na mguu umekanyaga mpini wa nyuma. Buti, suruali ya kinga, miwani, kofia ngumu na vizuia sauti vivaliwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri avitoe. Mkwezi aangue kwanza madafu, nazi na makuti makavu. Watu wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti: mnazi wa mita 25, mita 50. Njia ya kukimbilia isafishwe kabla, nyuma na upande. Pengo la kabari likatwe upande wa kuangukia, na kati yake na mkato wa nyuma ibaki bawaba isiyokatwa. Shina lililopinda likatwe kidogo kwanza upande uliobanwa, kisha upande uliovutika. Mnazi uliong'oka na mizizi ukikatwa, kisiki huweza kurudi shimoni kwa ghafla. Mtoto asisogee hapo. Petroli ijazwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Asiwepo anayekata peke yake. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia, na damu ya mguu au mkono isipokoma, pafungwe kwa nguvu juu ya jeraha. Mafuta ya taa, majivu na kahawa visiguse nyama. Aliyejeruhiwa apelekwe hospitali ya wilaya Kilindoni mara moja, kwa sababu upasuaji mkubwa unaweza kumlazimu kuvuka bahari, na mshipa mkubwa wa paja humaliza mtu kwa dakika chache.

Mwenye shamba basi aache kupima kifua cha fundi. Amwombe awashe msumeno, auchapue kidogo, kisha asukume kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono bila kuachia mpini. Mnyororo usiposimama papo hapo, mnazi usikatwe siku hiyo.