Mnene Naye Aweza Kupungukiwa Damu



Kwetu Madibira, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, binti akinenepa watu husema, "Siku hizi una afya!" Aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Neno afya limekuwa jina la heshima la unene, na kwa lugha hiyo tunatoa hukumu kabla ya kupima: mwembamba ndiye mwenye upungufu wa damu, mnene damu anayo tele. Makala haya yanaeleza kwa nini hukumu hiyo si sahihi, na kwa nini inawagharimu dada zetu.

Mambo mawili yaliyopanda pamoja

Utafiti wa taifa wa afya ya watu wa mwaka 2010 ulionesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 22 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Katika utafiti wa 2015/16 upungufu wa damu ulifika asilimia 45, na uzito uliozidi pamoja na kiribatumbo asilimia 28. Takwimu hizi peke yake hazithibitishi kwamba ni wanawake wale wale. Ila zinatuambia kwamba kuongezeka kwa miili hakukuleta kuongezeka kwa damu.

Uzito uliozidi hupimwa kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Binti wa kilo 70 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 27.3. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Chuma na damu

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma, uzito usiozidi wa msumari mdogo. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo ndani ya hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake na kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Chuma kikipungua, kwanza hutumika kile cha akiba. Akiba ikiisha, ndipo hemoglobini hushuka na mtu akapungukiwa damu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amekwisha kupungukiwa chuma huku kipimo cha damu bado kinasoma vizuri.

Mwanamke yuko hatarini zaidi kwa sababu kila mwezi hupoteza damu. Ndiyo maana wataalamu wa lishe hushauri apate takriban miligramu 18 za chuma kwa siku, wakati mwanamume hutosheka na 8.

Kwa nini mnene apungukiwe?

Sababu ya kwanza iko kwenye sahani. Chakula cha kunenepesha si lazima kiwe chakula cha kuongeza damu. Mchele uliokobolewa mpaka ukawa mweupe umeacha sehemu kubwa ya chuma chake kwenye pumba. Chipsi, maandazi na soda vina nguvu nyingi na chuma kidogo. Chai tunayoshushia chakula nayo huzuia chuma kisifyonzwe vizuri.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Mwaka 1962 watafiti waliandika katika jarida la Lancet kwamba vijana wanene walikuwa na chuma kidogo katika damu kuliko wenzao. Maelezo kamili yalisubiri karibu miaka 40, mpaka ilipotambuliwa homoni iitwayo hepsidini, inayotengenezwa na ini.

Wakulima wa skimu yetu ya mpunga wataielewa upesi. Hepsidini ni kama mtu anayeshika milango ya mfereji. Akifungua, maji hutoka kwenye banio yakafika majarubani. Akifunga, banio linaweza kujaa na majaruba yakakauka. Hepsidini ikipanda, utumbo huacha kupitisha chuma cha chakula, na chuma kilichomo ghalani mwa mwili hakitoki.

Mwili haufanyi hivyo bila sababu. Vijidudu vya maradhi navyo vinahitaji chuma ili vistawi, kwa hiyo mtu akiugua, mwili hukificha. Tatizo ni kwamba mafuta mengi mwilini, hasa ya tumboni, nayo hutuma ishara za hatari. Mwili hukaa katika tahadhari ndogo ya muda mrefu, kana kwamba unapigana na ugonjwa. Milango hufungwa, na adui hayupo.

Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino kutofautisha kitu kilicho katika uwezo na kitu kilicho katika tendo. Chuma kilichofungiwa ghalani kipo, ila kipo katika uwezo tu. Hakibebi oksijeni, hakimsaidii binti kupandikiza mpunga wala kupanda kilima cha kwenda kanisani.

Dalili tunazozipa majina mengine

Aliyepungukiwa damu huchoka upesi, huhema akitembea kidogo, moyo humwenda mbio, kichwa humuuma, huona kizunguzungu, na masomoni hawezi kutulia. Mwembamba akiwa hivyo tunamhurumia na kumpeleka zahanati. Mnene tunamwambia ni mvivu, au kwamba uzito ndio unaomchosha. Naye huamini, akanyamaza.

Iko dalili nyingine ambayo kwetu hupita bila kushangaza: kutafuna mchele mbichi au kula udongo. Mahali penye mashine za kukoboa mpunga, nani atamshangaa binti mwenye mchele mkononi? Utafiti uliotolewa mwaka 2010 kuhusu wajawazito wa kisiwa cha Pemba ulionesha kwamba tabia hiyo huambatana na upungufu wa damu. Hamu hiyo isichekwe. Ni sababu ya kwenda kupima.

Hatari kubwa huja wakati wa uzazi. Anayeingia katika ujauzito akiwa na damu kidogo ana akiba ndogo ya kumvusha akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Mtoto naye huweza kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati.

Tufanye nini?

1. *Kupima.* Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Mjamzito, chini ya 11. Nyanda za juu mwili huhitaji damu zaidi, hivyo 12 ya Iringa mjini si sawa na 12 ya Dar es Salaam. Kipimo cha akiba, yaani feritini, kinataka uangalifu, maana kwa mwenye kiribatumbo huweza kusoma juu ilhali chuma kimefungiwa.

2. *Kutafuta chanzo.* Malaria, kichocho na minyoo ya safura pia hupunguza damu. Hedhi nzito kupita kawaida isionewe aibu, daktari aambiwe.

3. *Kurekebisha sahani.* Dagaa, nyama na maini vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Maharage na mboga za majani pia vinacho, nacho hufyonzwa vizuri zaidi vikiliwa pamoja na chungwa, pera au limau. Chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Tanzania imeweka kanuni za kuongeza virutubishi, chuma kikiwemo, katika unga wa viwandani tangu 2011, lakini unga wa mashine ya kijijini mara nyingi hauna nyongeza hiyo.

4. *Kupunguza uzito taratibu.* Mafuta ya mwili yakipungua, hepsidini nayo hushuka na milango hufunguka. Lakini anayejinyima chakula ghafla hupoteza hata kile chuma kidogo alichokuwa akikipata. Apunguze sukari na mafuta, asipunguze maharage na dagaa.

5. *Kutojitibu.* Vidonge vya kuongeza damu ni dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, pia kutoka Pemba, ulionesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma kila siku mahali penye malaria nyingi waliugua sana na kufariki zaidi kuliko wenzao. Mjamzito atumie vidonge anavyopewa kliniki; wengine waanze na kipimo.

Neno moja kuhusu Kwaresima. Wako mabinti wanaofunga wakiwa na lengo la pili la kupungua. Sheria ya Kanisa inawahusisha na mfungo walio na umri wa miaka 18 hadi 59, lakini haimlazimishi mgonjwa. Mwenye upungufu wa damu azungumze na padre wake, achague sadaka nyingine.

Hitimisho

Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alivutiwa na kimo cha mtoto wa kwanza, na Mungu akamkanya asiamini macho yake. Nasi tusimsome dada yetu kwa umbo. WAWATA na VIWAWA wa parokia wanaweza kumwalika mhudumu wa afya siku moja baada ya Misa, aje na mzani na kipimo cha wingi wa damu, na kila binti apimwe vyote viwili, awe mwembamba au mnene. Na siku binti mwenye mwili mkubwa atakaposema, "Nimechoka," tumwulize kwanza kama amepima damu.